Injini ya Jeshi na Mkono wa Baba

Niliporudi kutoka vitani nilimkuta baba amehamishia banda lake la ufundi kando ya barabara kuu, pale Changamwe, mahali ambapo malori yaendayo bara yalipunguza mwendo kabla ya kupanda kilima. Lilikuwa banda la makuti lenye nguzo za mikoko. Chini alimwaga kokoto za matumbawe ili mafuta yasifanye tope. Baba alianza ufundi wakati magari ya Mombasa yalikuwa machache hata watu wakiyajua kwa sauti. Alijifunza kwa fundi mmoja wa Kihindi kule kisiwani, ambaye kwa miaka miwili hakumfundisha neno, alimpa vyuma aoshe tu. Baba akajifunza kwa kuosha. Kiingereza hakukijua, na kitabu pekee alichosoma kilikuwa Biblia, lakini madereva walimwita Fundi Mkuu, na wengine walitoka Mariakani wakipita mafundi wawili watatu njiani ili waje kwake.

Mimi nilikuwa mwanawe wa kwanza. Jeshini nilikaa miaka minne kwenye karakana, kwanza Uhabeshi, kisha Burma, na huko nilifundishwa injini kwa vitabu vyenye picha. Nilirudi na buti, blanketi, cheti kilichokunjwa mara nne, na mdomo.

Mdomo huo ndio ulioanza kuleta mambo. Wiki ya pili tangu nirudi, karani mmoja wa bandarini alileta gari yake inayokohoa. Baba akasikiliza, akasema ni vali. Nikasema, mbele ya karani, kwamba si vali, ni plagi moja haina moto, na nikaichomoa nikaonyesha. Nilikuwa nimesema kweli. Karani akacheka, akasema, "Fundi Mkuu, sasa umepata mkuu wako." Baba akajifuta mikono kwa kitambaa, akavaa shati lake, akaenda nyumbani saa nne ya asubuhi. Kwa siku saba nilimwamkia, "Shikamoo baba," naye akajibu, "Marahaba," na baada ya hapo hakuna neno.

Mama aliniita nyuma ya nyumba, penye jiwe lake la kufulia.

"Baba'ako usimvue nguo mbele ya watu," akaniambia.

"Mama, nilisema kweli."

"Sikuulizi kweli. Nakwambia ukimwona amekosea, nyamaza. Mwache alione mwenyewe kosa lake. Umenisikia?"

"Nimesikia."

"Sema wallahi."

Sisi ni Wakristo, watu wa Rabai, lakini mama alikulia pwani kati ya Waislamu na kiapo chake kizito kilikuwa hicho. Nikasema wallahi. Nilidhani ananifundisha adabu tu.

Lori ninalotaka kulieleza lilikuwa la mtu mmoja wa Jomvu Kuu. Alikuwa mtu wa ukoo wa kale, wa msikitini, mpole, ambaye kanzu yake ilibaki safi hata siku ya kupakia nazi. Lori lake lilishusha nazi na mahindi kutoka Rabai na Mariakani mpaka sokoni kisiwani, na nyumba yake yote ilikula kwa lori hilo. Mwaka ule injini yake ilipasuka, maji yakaingia kwenye mafuta, ikawa haina dawa. Siku hizo jeshi lilikuwa likiuza vyombo vyake vya vita, na yeye akapata injini ya namna ileile, nzima, iliyopakwa rangi ya kijani kila mahali mpaka kwenye vichwa vya bolti.

Akaja nayo kwenye mkokoteni wa ng'ombe. "Fundi," akamwambia baba, "hii ndiyo roho mpya. Nitilie gari yangu. Ijumaa ijayo nina harusi ya binti wa ndugu yangu, na watu wa bibi arusi ni lazima niwavushe Likoni niwapeleke Gazi. Nimeshatoa ahadi."

Baba akaipapasa ile injini kwa viganja vyote viwili, polepole, kama anayenunua mbuzi. "Inshallah itawahi," akasema. Pwani yetu hata sisi wa kanisani tulisema inshallah.

Tuliitoa injini ya zamani kwa mnyororo uliofungwa kwenye miti mitatu, tukaishusha mpya mahali pake. Ilituchukua siku tatu. Kufunga bolti, kuunga mabomba ya maji, kurudisha gia boksi, hizo zilikuwa kazi zangu. Lakini kazi moja baba hakumwachia mtu, nayo ni kuweka moto wa plagi uje kwa wakati wake. Asiyejua magari nimweleze hivi: pistoni hupanda ikibana hewa na petroli, na ikifika juu kabisa ndipo plagi itoe cheche, petroli ilipuke, pistoni isukumwe chini. Cheche ikichelewa, gari haina nguvu. Cheche ikiwahi, pistoni bado inapanda, inapigwa kichwani, injini inataka kurudi nyuma. Ili fundi ajue pistoni imefika juu, kuna alama ndogo, kama punje ya mchele, iliyochongwa kwenye gurudumu zito la chuma lililo nyuma ya injini. Unaiangalia kupitia tundu dogo.

Baba alilala chini ya lori, nikamzungushia injini kidogo kidogo kwa hendeli, ile fimbo ya chuma iliyopinda inayochomekwa mbele ya gari. Akasema, "Hapo!" Nikainama, nikaona kidole chake kimeingia ndani ya lile tundu. Jicho lake halikuwapo tunduni. Nikadhani ni mazoea yake.

Jumatatu tulimaliza. Baba akapanda, akabonyeza stata. Ikalia *tak*, basi. Akabonyeza tena. *Tak*. Taa za mbele zikafifia kama zinataka kulala.

Mimi nilikimbilia betri. Baba alibaki ameketi kwenye kiti cha dereva, mikono juu ya usukani, anafikiri. Kisha akaniita.

"Ule waya mnene unaotoka kwenye injini kwenda kwenye chesisi, umeufunga wapi?"

"Mahali pake, baba."

"Juu ya rangi?"

Nikainama kuutazama.

"Watu wa jeshi wamepaka rangi mpaka meno ya injini. Umeme haupiti kwenye rangi. Fungua, kwangua, funga tena."

Nikakwangua mpaka chuma kikang'aa. Stata ikazunguka kwa nguvu. Kitabu changu cha jeshi kilikuwa na kurasa tele juu ya betri, na mimi sikukumbuka hata moja. Nilicheka kwa furaha, na baba naye akacheka kidogo, akanipiga begani. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya karani. Nakumbuka nilikwenda nyumbani siku hiyo nimeshiba kabla ya kula.

Jumanne stata ilizunguka, lakini injini haikushika. Ilipiga chafya. Ilitema moto kupitia kabureta, ikatikisika, ikanyamaza. Tukaangalia petroli: inafika. Tukachomoa plagi moja moja, tukaziweka juu ya chuma: zote zina moto. Baba akafungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akapuliza vijitundu vyake kwa mdomo, akairudisha. Ikapiga chafya ileile. Akaifungua mara ya pili.

Katika kufungua huko ndipo nilipoanza kuona. Aliniomba spana, nikampa, naye badala ya kusoma namba iliyopigwa kwenye chuma, akaingiza kidole gumba mdomoni mwa spana kupima upana wake. Skrubu ndogo ilimwanguka miguuni, ikalala juu ya jiwe jeupe ambapo mtoto angeiona, naye akaitafuta kwa kupapasa kokoto huku akitazama mbele. Nikaiokota nikamtia mkononi. Hakusema ahsante. Nikakumbuka Jumapili iliyopita, zamu yake ya kusoma zaburi kanisani ilipofika. Aliisoma yote bila kukosea, kwa ile sauti yake nzito. Zaburi ndefu ile, na ukurasa hakuufunua hata mara moja.

Mchana alipokwenda kunawa ili ale, nililala chini ya lori upesi, nikawasha kiberiti, nikaangalia kwenye tundu huku nikilisogeza gurudumu kwa bisibisi. Alama ya kweli niliiona, ipo mbali. Pale ambapo baba alisema "Hapo!" palikuwa na kovu la patasi, mtu wa jeshi aliteleza nayo zamani. Kwa kidole mambo hayo mawili yanafanana. Kwa jicho hayafanani hata kidogo.

Nilitoka chini ya lori nikasimama. Nilijua ugonjwa wa gari, na nilijua ugonjwa wa baba, yote mawili kwa mara moja. Alikuwa anarudi, anafuata ukingo wa banda kwa mkono wa kushoto, anagusa nguzo baada ya nguzo. Nilikuwa nimemwona akitembea hivyo tangu nirudi, nikadhani ni uzee.

"Baba," nikasema, "tutazame ile alama tena?"

"Alama nimeiweka mwenyewe."

Alisema bila hasira. Lakini kichwani mwangu nilimsikia karani akicheka, na nilimsikia mama akisema sema wallahi. Nikajibu, "Haya, baba." Nikatandika mkeka, tukala.

Nilijipa mpango. Nitangoja aende nyumbani, nifungue distributa, kile kikombe kinachogawia plagi cheche, niigeuze mahali pake, kesho gari iwake na baba aamini ni kabureta yake. Lakini Jumanne hakuondoka mpaka tulipoondoka pamoja. Jumatano alileta kigoda chake, akakiweka mbele ya lori, akakaa hapo tangu asubuhi. Alikuwa anawaza. Alimfukuza hata muuza kahawa. Saa tisa niliona kama amesinzia, kichwa kimeinama. Nikachukua spana, nikagusa nati ya distributa. Nati ikalia kidogo sana, sauti ambayo mtu mwingine asingeisikia.

"Unafungua nini hapo?"

"Nakaza tu, baba."

"Iache."

Nikaiacha. Mara nyingi katika maisha yangu nimerudi kwenye neno hilo moja na kulijibu kwa namna nyingine. Hakukuwa na mteja bandani saa ile. Hakukuwa na karani. Tulikuwa mimi na yeye, ningepiga magoti mbele ya kigoda nikamwambia, baba, macho yako. Lakini niliogopa uso wake. Nilikuwa mtu niliyevuka bahari, niliyezika wenzangu, na nilimwogopa mzee aliyeketi kwenye kigoda.

Alhamisi mapema mwenye lori alifika, ameandamana na mpwa wake. Hakuja kwa ukali, na laiti angekuja kwa ukali.

"Subalkheri, fundi. Gari yasemaje?"

"Bado yapiga chafya," baba akasema.

"Basi si neno. Kama haiwezekani nambie tu, wallahi sitakasirika. Nitatafuta gari ya mtu. Nimekuja kuuliza tu, maana wanawake wameshaanza kufunga mizigo."

Upole huo ulimchoma baba kuliko tusi. Akasimama. "Leo utaondoka na gari yako," akasema. "Betri imechoka. Lete hendeli."

Nikaileta, lakini sikumpa. "Baba, nipe mimi nipige."

"Lete."

"Baba, ngoja kidogo. Tuongee kwanza."

"Mimi nilipiga hendeli mama'ako hajakuchukua mimba. Lete!"

Mwenye lori alikuwa anatutazama, na mpwa wake pia. Nikampa. Hapo nami nilijua, kwa kitabu na kwa mikono yangu, kwamba cheche ya injini ile inawahi, na injini ya namna hiyo hurudisha hendeli kwa nguvu ya teke la punda. Nilijua. Nikasema moyoni pengine haitashika, maana siku mbili haijashika.

Mara ya kwanza haikushika. Mara ya pili ikapiga chafya. Baba akashika pumzi, akaivuta mara ya tatu kwa mwili wake wote, na mara hii petroli ikalipuka pistoni ikiwa nusu njia. Hendeli ikarudi. Nilisikia mlio mkavu, kama ukuni unaovunjwa gotini, na baba akakaa chini kwenye kokoto ameshika mkono wake wa kulia kwa wa kushoto. Mkono ulikuwa umepinda mahali pasipo kiungo.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Zima petroli," akafumba macho.

Mwenye lori alivua kilemba chake, tukamfungia mkono kwa kilemba hicho. Tukasimamisha lori la chumvi lililokuwa likipita, tukampakia mbele, tukavuka Makupa mpaka hospitali ya kisiwani. Mama alitukuta huko, alikuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Daktari akasema mifupa yote miwili ya mkono imevunjika karibu na kifundo cha mkono. Wakamtia plasta. Kisha daktari, akiwa anamshika kidevu ili amwangalie usoni, akawasha tochi ndogo, akaipitisha mbele ya macho ya baba kushoto na kulia. Akaniuliza mimi, kwa Kiingereza, mzee huyu amekuwa kipofu tangu lini.

Nilijibu sijui. Alisema si mtoto wa jicho, huo ungepasuliwa. Mshipa wa ndani ulikuwa umekufa, jicho moja kabisa, la pili limebaki na mwanga kama wa mlangoni.

Alasiri nilirudi Changamwe peke yangu. Mwenye lori alikuwa bado bandani, ameketi kwenye gunia, hakutaka kwenda kwake kabla ya kupata habari. Nikampa habari za mkono. Za macho sikumpa. Kisha nikachomoa plagi ya kwanza, nikaziba tundu kwa kidole gumba, nikamwomba azungushe hendeli taratibu mpaka niliposikia hewa inanisukuma, nikaingiza kijiti nikahisi pistoni imefika juu. Nikaitazama alama tunduni. Nikafungua distributa, nikaigeuza upana wa vidole viwili, nikakaza. Kazi yote haikufika hata muda wa kuchemsha chai. Nikapiga hendeli. Mara ya pili injini ilishika, ikanguruma sawasawa, tamu, bila kukohoa.

"Alhamdulillahi!" akasema mwenye lori, kisha akanitazama. Nilikuwa nimeinamia boneti nalia.

"Ilikuwa nini?" akaniuliza kwa sauti ya chini.

"Mimi niliweka moto vibaya," nikasema. "Baba aliniachia kazi nikaiharibu. Kosa ni langu."

"Mungu atakusamehe," akasema. "Mwombe radhi mzee wako."

Ijumaa aliwapeleka watu wake Gazi. Jumapili jioni alikuja nyumbani kwetu kumjulia hali baba, ameleta halua ya harusini kwenye kijaluba. Baba alikuwa amelala kitandani barazani, plasta kifuani. Mwenye lori alizungumza naye juu ya harusi, juu ya kivuko, juu ya gari inavyokwenda kama mpya. Alipokaribia kuondoka akasema, "Mzee wangu, nakuomba jambo moja. Mwanao ameungama mbele yangu kwamba kosa la moto ni lake. Ni kijana. Mpe radhi yako."

"Amesema hivyo?" baba akauliza.

"Kwa mdomo wake."

"Ahsante kwa kunambia," baba akasema. Wakaagana.

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilingoja mpaka hatua za mgeni zikapotea njiani.

"Njoo ukae," baba akasema.

Nikakaa chini, karibu na mguu wa kitanda.

"Kwa nini umejitwika uongo?"

"Sikutaka watu wakuseme, baba."

"Alama uliiona?"

"Niliiona."

"Lini?"

Nilitaka kusema Alhamisi. Neno lilikuwa tayari mdomoni, nikashindwa kulitoa.

"Jumanne. Ulipokwenda kunawa."

"Jumanne," akasema. Akahesabu kwa vidole vya mkono mzima, kwa kidole gumba akigusa vidole vingine, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. "Na ukanipa hendeli."

"Baba, nilikuheshimu."

Aligeuza uso kwangu. Macho yake yalitua juu kidogo ya kichwa changu, na ndipo nilipojua kwamba hajui hasa niko wapi.

"Heshima yako imenivunja mkono," akasema. "Ungenitukana ningepona."

Hakusema kwa ukali. Baada ya hapo akaomba maji, nikamshikia kikombe, akanywa. Radhi aliniombea mwenye lori, na baba hakusema amenipa wala amekataa. Tangu siku ile sikuthubutu kuiomba kwa kinywa changu.

Plasta ilitolewa, na mkono ulikuwa umeunga vibaya. Vidole havikukunjika. Aliweza kushika mkate, hakuweza kushika spana. Miezi michache alijaribu kuja bandani. Nilimshika mkono asubuhi, nikamkalisha kwenye kigoda, na madereva walipoleta magari yao alisikiliza. Mwanzoni ilinipa matumaini. Alisema, "Hilo ni bomba la moshi limeachia," nami nikafungua nikalikuta limeachia. Aliniambia kitu ambacho jeshini hawakunifundisha, kwamba sauti ya gari usiifuate kwa sikio linaloelekea injini, geuka, ipe mgongo, isikilize kama mtu anayekuita kwa nyuma. Tulifanya kazi hivyo, masikio yake na mikono yangu, na katika siku hizo tulizungumza kuliko tulivyowahi kuzungumza.

Kisha siku moja alinyoosha mkono kupokea sahani ya chakula kwa muuzaji, akashika hewa, na madereva wawili wakatazamana wakatabasamu. Hawakucheka kwa sauti. Sijui alijuaje. Kesho yake nilipokwenda kumchukua alikuwa ameketi amevaa tayari, viatu miguuni.

"Leo siji," akasema.

"Unaumwa, baba?"

"Siumwi. Nenda, wateja watakungoja."

Nikaenda. Siku iliyofuata pia hakuja, na ile ya baada yake. Mwisho alimwambia mama kwamba anataka kurudi Rabai, kwa ndugu zake, mahali ambapo njia anazijua kwa miguu tangu utotoni. Nikawapeleka. Nilimtembelea kila mwezi. Aliniuliza habari za banda, nikamjibu. Tulikuwa tunaongea vizuri, kama watu wanaokaa nyumba jirani.

Alikufa masika ya pili, kwa homa, siku nne tu tangu imshike. Habari ilinifikia nikiwa chini ya gari la mtu, na nilipofika Rabai walikuwa wameshamwosha. Nilimshika ule mkono. Vidole vilikuwa vimekaa vilevile, nusu wazi.

Baada ya mazishi, watu walipokuwa wanakula, mama aliniita. Alikuwa ameketi jikoni peke yake, ungo wa mchele mapajani, anachambua mchele ambao ulikwisha kuchambuliwa. Nikakaa kando yake.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, mama?"

"Macho yake. Nilijua mwaka mzima kabla hujarudi kutoka vitani. Aliniapisha nisimwambie mtu. Kila asubuhi aliniuliza shati lake kama lina doa. Nilikuwa nampangia viatu, cha kulia kulia, cha kushoto kushoto. Kwenye zaburi nilimsomea mimi, aya kwa aya, wiki nzima, mpaka akaishika." Akachota mchele akaumwaga tena kwenye ungo. "Siku ile penye jiwe la kufulia nilikwambia unyamaze, nikijua. Sikukwambia kwa nini. Nilimhifadhia siri yake, nikakupa wewe mzigo ambao hukuujua."

Nilitaka kumwambia kwamba si kosa lake. Nilitaka kumwambia pia kwamba ni kosa lake, kwa sababu ingenipunguzia langu. Nje mtu aliuliza kama kuna maji ya kunawa. Mama akaweka ungo chini, akajishika goti ainuke, nikampa mkono, akainuka, tukatoka pamoja kuwapelekea watu maji.